Shaba inatoka kila siku: makuta inaendaka wapi?



Tulipokea barua ya kijana mumoja wa Kolwezi. Jina lake hatutaliandika. Anasema ana miaka 17, na nyumba yao iko karibu na barabara kubwa. Kila usiku anasikia makamio yakipita na shaba na kobalti, yanaelekea Kasumbalesa. Siku moja alijaribu kuyahesabu, lakini usingizi ulimushinda. Kisha anatuuliza hivi: "Shaba iko inatoka kila siku. Makuta inaendaka wapi? Banasema: ku Leta. Leta njo nani?"

Tuliisoma barua ile mu biro, na mumoja wetu alitaka kumujibu kwa neno moja tu: "Wanaiba." Tukamukatalia. Wizi uko, na tutausema. Lakini kama tunasema wizi tu, kijana atafikiri kwamba siku ile wezi watakamatwa, makuta yatafika kwao ku mulango. Hapana. Inchi inaweza kupoteza mali yake hata bila mutu kuvunja kabati. Kwa hiyo tumechukua kurasa hizi zote kumujibu, na wewe mzazi, na wewe kijana, tunaomba musome pamoja.

Kwanza ujue kwamba si sisi peke yetu. Mu mwaka 1993 Mwingereza mumoja, Richard Auty, alilipa jambo hili jina: laana ya mali ya asili. Mu 1995 Waamerika wawili, Jeffrey Sachs na Andrew Warner, walilinganisha uchumi wa inchi nyingi tangu 1970 mupaka 1990. Wakaona ajabu: inchi zilizoishi kwa kuuza mali ya asili, zile njo zilikuwa zinakawia kusitawi, kupita zingine zisizokuwa na kitu.

Sisi Wakristo neno "laana" linatusumbua kidogo. Aliyeweka shaba mu milima ni Mungu. Musa mwenyewe aliwaambia Waisraeli kwamba wanaingia mu inchi ambamo watachimba shaba, na alihesabu jambo lile kuwa baraka. Lakini palepale aliwaonya juu ya moyo wa mutu aliyeshiba. Na wenye elimu nao walifika karibu na hapo. Mu 2006 watu watatu wa Norway, Mehlum, Moene na Torvik, walirudilia hesabu ile, wakaona kwamba laana haishiki kila mutu. Kule ambako sheria inafuatwa na wakubwa wanatoa hesabu, mali haikawishi inchi. Kule ambako faida kubwa ni kukaa karibu na mwenye kutawala, mali inaharibu. Basi jiwe halina kosa.

Wakati kazi ilikuwa baba na mama

Vijana, ulizeni wazee wenu. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, na mu 1911 shaba ya kwanza ikatoka ku furu ya Lubumbashi. Tangu miaka ya 1920 sosiete iliona kwamba mufanyakazi anayeishi na bibi na watoto anadumu ku kazi, kupita yule anayekimbia ku muji kila miezi sita. Ikajenga kambi. Ikatoa posho: bunga, samaki, mafuta. Mama akazaa ku hospitali ya sosiete, mutoto akasoma mu masomo ya sosiete, na mara nyingi mwalimu wake alikuwa mupadri ao masera, tukumbuke vile. Mu 1967 Leta ilichukua sosiete, na nyuma ikaitwa Gécamines, lakini desturi ile ilibaki. Wazee walisema: "Kazi njo baba, kazi njo mama." Mutu alijiita mwana Shaba bila haya.

Hatuandiki haya kusudi tulie juu ya zamani. Mu kambi zile kulikuwa pia na amri kali, na mutu mweusi alikawia sana kuitwa mukubwa. Lakini tuangalie hesabu.

Mu 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Mu 1994 ilitoa tani karibu 30,000. Miaka nane tu! Hakuna vita ya dunia iliyopita hapa katikati. Shaba ilikuwa ingali chini. Nini ilitokea?

Mu Septemba 1990 mugodi wa Kamoto, wa chini ya udongo, ulianguka. Mu 1991 na 1993 uporaji ulipita mu miji. Mu 1992 na 1993 ndugu zetu wa Kasai walifukuzwa Katanga, na pamoja nao wakaenda mafundi, waganga na waalimu wengi. Zambi ile bado haijalipwa yote. Lakini wenye kujua kazi wanasema kwamba mugonjwa alikuwa amekwisha kulazwa mbele ya siku zile. Kwa miaka mingi Leta ilichukua makuta ya shaba mbele ya kununua mashini mupya. Ilichukua kwa kulipa wakubwa, kwa kulipa deni, kwa mambo ambayo hayakuandikwa mu buku lolote.

Mama anayeuza mikate ku soko anaelewa jambo hili kupita minisitri. Asubuhi ana bunga, mafuta na sukari. Jioni ana makuta. Kama bwana yake anachukua makuta yote, hata ile ya kununua bunga ya kesho, mama atakaanga nini? Bwana ataona raha siku moja, mbili. Siku ya tatu atasema: "Bibi yangu ni muvivu."

Na kulikuwa bei. Mu Aprili 1974 bei ya shaba ilikuwa juu kabisa ku soko la London. Mbele ya mwaka kuisha ilianguka zaidi ya nusu. Mu Agosti 1975 njia ya reli ya Benguela, iliyopeleka shaba yetu ku Lobito, ikafungwa juu ya vita ya Angola. Lakini wakati wa bei nzuri Leta ilikuwa imekwisha kukopa, sawa mutu anayekunywa mushahara wa mwaka ujao. Na mu Novemba 1973 maduka na mashamba ya wageni yalikuwa yamenyanganywa na kupewa watu waliokuwa karibu na chama. Wengi wao hawakujua biashara. Waliuza vitu vilivyokuwa ku magazini, wakafunga mulango. Kwa hiyo shaba ilipoanguka, hapakuwa mutoto wa pili wa kusaidia jamaa. Mu 1994 vitu vilipanda bei zaidi ya 9,000 kwa mia mu mwaka mumoja. Wewe uliyekuwa mutu muzima wakati ule, unakumbuka: mushahara wa asubuhi haukununua mukate jioni.

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika historia ya jamaa za wafanyakazi mu buku moja, na alilipa jina la wana Shaba walioachwa na baba yao. Mu 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mupango ulioitwa "depar volonteri", kwa makuta yaliyotolewa na Banki ya Dunia. Mu kartie zetu kuna wajane na watoto ambao mupaka leo wanauliza kama kuondoka kule kulikuwa kwa kupenda kweli.

Leo shaba inatoka kupita zamani

Hapa njo kijana wetu wa Kolwezi ana haki ya kushangaa. Hii si tena miaka ya 1990. Mu 2023 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni mbili na nusu za shaba. Hesabu ile inapita mara tano ile ya 1986, mwaka ule tunaousifu. Kwa kobalti, inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya ile yote ya dunia, kwa mbali. Mu 2022 na 2023 uchumi wa inchi uliongezeka zaidi ya 8 kwa mia kwa mwaka. Ku Bulaya hakuna inchi kubwa inayokimbia vile.

Na tena Banki ya Dunia ilihesabu kwamba mu 2024, mu Wakongo wane, karibu watatu walikuwa wanaishi kwa kiasi kisichofika dola 2.15 kwa siku.

Hesabu mbili zile zote ni za kweli. Uchumi wa inchi ni jumla ya vitu vyote vilivyotoka. Kama mugodi mumoja unatoa shaba ya miliari moja ya dola, jumla inapanda, hata kama mashini inachimba peke yake na wafanyakazi ni elfu chache, hata kama faida inalala mu banki ya mbali. Mutoto anaweza kuongeza kilo kwa kuvimba tumbo. Munganga hataita ile afya.

Bukari inatoka wapi?

Sasa tuingie mu jikoni, maana huko ugonjwa unaonekana wazi. Mama, bunga ulioupika jana ulitoka wapi? Kama uko Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, mara nyingi utajibu: Zambia. Udongo wetu unapata mvua tangu Novemba mupaka Aprili. Ku upande ule wa mupaka mvua ni ileile. Lakini siku Zambia inafunga mulango ya mahindi, sisi tunalala njala. Mu mwanzo wa 2024 jua kali liliunguza mashamba ya Zambia, raisi wao akatangaza kwamba ni musiba wa taifa, na bei ya mufuko wa bunga ikatufuata mupaka ku sahani hapa kwetu.

Kila raisi, kila gavana, amesema: "Tulime." Wengine walitoa matrakta. Juu ya nini haishiki? Wenye elimu wanaita ugonjwa huu kwa jina la Uholanzi. Wazungu wale walipata gaz nyingi mu provensi ya Groningen mu 1959. Nyuma ya miaka wakaona kwamba viwanda vyao vingine vinadhoofika. Makuta ya gaz yalipandisha bei ya kila kitu na mishahara, na vitu vyao vikawa ghali mno kuuza inje.

Kwetu ugonjwa unatembea kwa miguu. Mu kijiji karibu na Fungurume kijana mwenye nguvu anajua kwamba shamba litamulipa nyuma ya miezi sita, kama mvua inapenda, kama barabara inapitika, kama mutu wa barrière hamunyanganyi. Mu shimo anaweza kulipwa jioni. Unafikiri ataenda wapi? Nyumba ya kupanga inapanda bei juu ya wafanyakazi wa mugodi. Mwalimu anaacha chaki. Fundi wa mbao anaacha randa. Kisha siku bei ya kobalti inaanguka, sawa ilivyoanguka mara nyingi, shimo linanyamaza, na yule kijana hana shamba, hana ufundi, na mwalimu wake hayuko tena. Mu 2025 bei ilianguka mupaka Leta yenyewe ilisimamisha kobalti isiuzwe inje tangu mwezi wa pili. Kolwezi mulijua ile kabla ya magazeti: soko lilikuwa kimya.

Hatuwahukumu wachimbaji wa mikono, wale tunaowaita kreseri. Wengi wao ni wakristo wetu, na sadaka yao imejenga zaidi ya kanisa moja. Lakini tulizika makumi ya watu mu Juni 2019, wakati udongo uliangukia wachimbaji waliokuwa mu mugodi karibu na Kolwezi. Kijana, kama unaacha masomo juu ya shimo, ujue kwanza unauza nini.

Leta na robine yake

Kuna jambo lingine, na sisi tunafikiri njo kubwa kupita yote. Mu inchi ambayo Leta inaishi kwa kodi ya watu wote, yaani mwenye duka, mukulima, fundi, mufanyakazi, wakubwa wanalazimishwa kuwaangalia watu wale. Kama duka zinafungwa, Leta inakosa. Kama watu wanakasirika, hawalipi. Kwa hiyo Leta inajenga barabara hata kwa kujipenda yenyewe.

Lakini Leta yenye robine moja kubwa, robine ya migodi, haina haja na mama wa mikate. Inamuona tu kwa kumusumbua. Vita yote ya siasa inakuwa juu ya nani atashika robine. Na mutu aliyeishika anaogopa kuiacha.

Mufano wa wazi: mu 2013 kundi la wakubwa lililoongozwa na Kofi Annan, Africa Progress Panel, lilichunguza mapatano tano ya kuuza sehemu za migodi ya Kongo kati ya 2010 na 2012. Waliona kwamba mali ya Leta iliuzwa kwa bei ya chini sana ku sosiete za wageni ambazo wenyewe wake walifichwa. Walihesabu hasara ya miliari 1.36 ya dola. Hesabu ile ilikuwa karibu mara mbili ya budje ya afya na masomo ya mwaka 2012 pamoja. Hakuna aliyevunja kabati, ndugu. Walitia sini. Hapa njo jibu la kwanza kwa kijana wetu: makuta mengine hayakuingia hata ku Leta.

Watu wa Botswana walifanya nini?

Mutasema: ni Waafrika, njo maana. Sivyo. Angalieni Botswana. Ilipata uhuru mu 1966, ikiwa kati ya inchi maskini kabisa za dunia. Ilikuwa na kilomita 12 tu za barabara ya lami. Ng'ombe na vumbi. Mu 1967 walipata almasi kule Orapa, na mu 1982 wakafungua Jwaneng, mugodi wenye almasi za bei kubwa sana. Kwa miaka zaidi ya 30 uchumi wao ukakimbia kupita karibu inchi zote za dunia.

Neno la kwanza walilofanya linatugusa sisi watu wa Katanga. Seretse Khama, raisi wao wa kwanza, alikuwa mutoto wa ufalme wa Bangwato. Yeye na wenzake waliweka sheria kwamba mali ya chini ya udongo ni ya inchi yote, si ya kabila lenye udongo. Na Orapa iko mu udongo wa Bangwato wenyewe! Angeweza kusema: "Hii ni yetu." Sisi, tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja nyuma ya uhuru, tulikuwa tumekwisha kujitenga juu ya swali hilo, na damu ilimwangika mupaka Januari 1963. Hatusemi kwamba Katanga haikuwa na malalamiko. Ilikuwa nayo, na bado iko nayo. Tunasema tu kwamba Botswana walijibu swali la "ni ya nani" mbele ya makuta kuingia. Makuta yakikwisha kuingia ni vigumu.

Neno la pili: walisoma kontra vizuri. Mwanzoni Leta yao ilikuwa na sehemu ya 15 kwa mia tu mu sosiete ya almasi. Mu 1975, nyuma ya mazungumuzo, ilifika 50 kwa mia. Hawakufukuza wenye ufundi, na hawakuwaachia yote.

Neno la tatu ni la Yosefu. Munakumbuka Yosefu kule Misri: miaka saba ya shibe, akaweka sehemu moja ya tano mu maghala, na njaa ilipokuja watu wakapona. Botswana walitengeneza ghala la makuta, linaitwa Pula Fund, mu 1994. Pula maana yake ni mvua. Walijizoeza pia kutumia makuta ya almasi kwa vitu vinavyodumu: masomo, hospitali, barabara, maji.

Tusiwafanye kuwa malaika. Wao ni watu wachache, kama milioni mbili na nusu, na sisi tunapita milioni 100. Kutawala jamaa ndogo ni rahisi. Sida iliwapiga vikali. Vijana wengi hawana kazi, na tofauti kati ya tajiri na maskini ni kubwa. Walikaa sana ku almasi tu, na sasa almasi zinazotengenezwa mu viwanda zinaangusha bei. Mu 2024 uchumi wao ulirudi nyuma. Lakini mu mwaka ule ule walipiga kura, chama kilichotawala tangu 1966 kikashindwa, na raisi akatoa kiti kwa amani, mu siku chache. Ile nayo ni mali.

Sheria inasema nini juu ya kartie yako

Sasa turudi kwetu, maana barua ya kijana inataka jibu la hapa. Tangu 2018 tuna sheria ya migodi iliyobadilishwa. Wengi hawajui mambo yaliyomo, na wengine wangependa musijue.

Sosiete inapouza madini inalipa redevansi, yaani haki ya mwenye udongo. Kwa shaba ni 3.5 kwa mia. Kwa kobalti, iliyowekwa mu madini ya lazima mu mwisho wa 2018, ni 10 kwa mia. Mu kila dola 100 za redevansi, 50 zinaenda Kinshasa. Dola 25 ni za provensi. Dola 15 ni za komini, sekta ao cheferi ambamo mugodi uko. Dola 10 zinaenda ku mufuko wa vizazi vinavyokuja, ghala letu sisi la Yosefu. Na hizi hazipiti zote Kinshasa kwanza. Sosiete inapaswa kulipa kila mumoja moja kwa moja.

Zaidi ya hayo, sosiete inatoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake yote kwa kazi za maendeleo za watu wanaoizunguka. Makuta haya yanasimamiwa na kamati ambamo watu wa mahali wana viti. Nani anakaa ku kiti cha kartie yako? Alichaguliwa siku gani? Kama hujui, si zambi, lakini uulize. Na tangu 2011 kuna amri kwamba kontra za migodi zitangazwe wazi. Kongo iko pia mu mupango wa dunia unaoitwa ITIE, ambamo sosiete inaandika ilicholipa, Leta inaandika ilichopokea, kisha hesabu mbili zinalinganishwa. Buku lile la ITIE lina kurasa nyingi na Kifaransa kigumu. Lakini mu kila parokia kuna mwalimu ao mwanafunzi wa iniversite anayeweza kutafuta ukurasa wa komini yake na kuusoma kwa sauti mu Kiswahili siku ya Mungu, nyuma ya ibada.

Tuseme ukweli: komini nyingi zilizopokea 15 kwa mia hazikuonyesha watu buku. Pengine mutaona soko jipya bila paa, ao motokari ya mukubwa. Tulipigana miaka mingi kusudi makuta yashuke kutoka Kinshasa. Sasa yameshuka, na mwizi anaweza kuwa jirani yetu, mutu tunayekaa naye ku benchi moja mu kanisa. Ni vigumu kumuuliza jirani. Kumulaumu raisi ni rahisi, yuko mbali.

Na kanisa? Hatutajificha. Sosiete inatuletea mifuko ya simenti, mabati, pengine jenereta. Tunaombea wakubwa wake mbele ya watu wote. Kisha muto unabadilika rangi, samaki wanakufa, na sisi tunatafuta maneno laini. Mutu wa Mungu anayekula ku meza ya Ahabu atamuuliza namna gani juu ya shamba la Naboti? Tunaiacha swali hii kwa wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa, pamoja na sisi wenyewe tunaoandika, maana hata gazeti hili linatafuta watu wa kulisaidia kulipa karatasi.

Kwa kijana wetu

Umeuliza: Leta njo nani? Tunakujibu kwa jambo tulilosikia. Mu parokia moja ya eneo la migodi, vijana saba wa korali waliandika barua ku komini yao. Waliomba vitu viwili tu: hesabu ya redevansi iliyopokelewa mu mwaka, na orodha ya kazi zilizofanywa nayo. Wazazi wao waliogopa. Mama mumoja alimwambia mutoto wake: "Utatuletea matatizo, mwanangu. Imba tu."

Walienda na nguo zao za korali, kusudi mutu asiseme kwamba ni wahuni. Mulinzi aliwauliza wametumwa na chama gani. Wakasema hawana chama. Wakakaa ku benchi tangu saa tatu mupaka saa saba. Mwishoni mutu wa biro aliichukua barua, akaisoma mara mbili, akapiga muhuri ku kopi yao, akawaambia burgumestre amesafiri, warudi Siku ya Kwanza.

Siku ya Kwanza walirudi, na walikuwa kumi na wane.